Mwanafunzi Asiyeonekana Darasani: Chuo Kikuu katika Kichwamaji na Mashetani

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na swali la mwanafunzi. Tulikuwa tumekwisha kuisoma riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi pamoja na darasa la juu la sekondari. Tulikuwa tumechambua dhamira, tumewagawa wahusika katika makundi yao, tumeandika ubaoni yale maneno makubwa ambayo sisi walimu huyapenda, kama vile udhanaishi na usaliti, na tulikuwa tunakaribia kuvifunga vitabu. Ndipo kijana mmoja aliyeketi nyuma alipounyosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyu Kazimoto husoma lini?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alipotakiwa aeleze maana yake alisema kwamba kaka yake ameingia chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wao kufika huko, na kwamba aliporudi nyumbani kwa likizo baba yao alimwuliza jioni moja, kwa heshima kabisa, ni nini hasa anachofundishwa. Kaka akaanza kwa lugha ya nyumbani, akakwama. Akajaribu kwa Kiswahili, akakwama tena. Akamaliza kwa Kiingereza peke yake, kama mtu anayesali. Baba akasema, "Haya," akaondoka kwenda kufunga mbuzi. Kijana yule alitaka kujua kama kitabu tulichokisoma kingeweza kumsaidia baba yake kufahamu mtoto wake anakwenda kufanya nini.

Hatukuwa na jibu la haraka. Jibu tulilolipata baada ya kurudi vitabuni ndilo tunalolitoa hapa, si kwa nia ya kuwashusha waandishi tunaowaheshimu, bali kwa sababu swali lile ni la haki na linatuhusu sisi walimu kuliko linavyowahusu wao. Tutazitazama hasa kazi mbili zilizotoka katika mazingira ya chuo kikuu kimoja cha umma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nazo ni tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1971, na riwaya ya Kichwamaji, iliyochapishwa mwaka 1974. Zote mbili zimemfanya mwanafunzi wa chuo kikuu kuwa mhusika wake mkuu. Zote mbili husomwa na walimu wa Kiswahili hata nje ya Tanzania, nasi wa Uganda tukiwamo.

Chuo chenyewe

Si vyema kuihakiki kazi ya fasihi huku tumeyapa kisogo mazingira yaliyoizaa. Chuo kile kilianza mwaka 1961, wakati Tanganyika inapata uhuru, kwa darasa dogo la sheria lililofanyiwa katika jengo la chama cha TANU mjini. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, nje ya mji, mahali ambapo hata leo huitwa Mlimani. Na mwaka 1970 kila kimoja cha vyuo vile vitatu kikasimama peke yake.

Neno hilo Mlimani lina uzito wake. Nchi maskini ilikuwa imejenga juu ya kilima nyumba za wachache, ikawalisha, ikawalaza, ikawafulia mashuka, halafu ikaanza kuwauliza watairudishia nini. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kulipinga sharti la kulitumikia taifa baada ya masomo huku wakikatwa sehemu kubwa ya mshahara. Rais Nyerere aliwarudisha mamia yao makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Vijana waliosoma Mlimani katika miaka iliyofuata, na Kezilahabi akiwa mmoja wao, waliishi ndani ya swali lile: je, msomi ni wa nani?

Basi haishangazi kwamba fasihi ya chuo kile ilimshika mwanafunzi kwa upande wa deni lake kwa umma. Tunalolidai sisi ni kwamba ilimshika kwa upande huo tu. Maisha ya mwanafunzi wa chuo kikuu yana sehemu tatu: hukutana na wenziwe asiowajua, husoma, na hurudi kwao. Mashetani imeionyesha sehemu ya kwanza kwa ustadi mkubwa. Kichwamaji imeionyesha sehemu ya tatu kwa uchungu ambao haujapitwa. Sehemu ya pili imekosa mwandishi.

Kukutana

Katika Mashetani vijana wawili, Juma na Kitaru, wanakwenda chini ya mbuyu na kucheza mchezo: mmoja anakuwa shetani, mwingine binadamu. Binadamu anamwua shetani na anacheka. Lakini mchezo hauishii pale. Kitaru, ambaye ndiye aliyekuwa binadamu, anaingiwa na ndoto na maradhi, na wazazi wake wanahangaika kumtafutia tiba. Wahakiki wengi wameieleza tamthilia hii kama istiara ya ukoloni unaodhaniwa umekufa kumbe umejibadilisha. Hatuna ugomvi na maelezo hayo.

Ila tunaomba wasomaji watazame jambo jingine lililo wazi zaidi, ambalo kwa uwazi wake hupitwa. Juma ametoka katika ukoo uliokuwa na mali Unguja na ukaipoteza baada ya mapinduzi ya mwaka 1964. Nyumbani kwao kuna bibi ambaye bado anaishi katika fahari ya jana. Kitaru ametoka katika nyumba ambayo ndiyo kwanza inaanza kutajirika, yenye baba mwenye cheo na mali mpya. Kama si chuo kikuu, vijana hawa wawili wangekutana wapi? Mmoja angekuwa amekaa barazani kusikiliza hadithi za mashamba yaliyokwenda, mwingine ndani ya gari la baba yake. Chuo ndicho kilichowaweka chini ya kivuli kimoja, kikawapa lugha moja ya mzaha, kikawafanya wadhani kwamba wao ni sawasawa.

Yeyote aliyewahi kulala katika bweni la chuo cha umma anayajua haya. Unapewa kitanda karibu na mtu usiyemjua. Kwa wiki mbili mnagawana sabuni na sukari. Mwisho wa mwezi mmekuwa ndugu. Na siku moja, kwa neno dogo tu, mnagundua kwamba kile ambacho kwenu ni msiba kwao kilikuwa sherehe. Urafiki wa chuoni ni mtamu kwa sababu umekatwa na mizizi yake, na ndiyo maana huvunjika mizizi inapoanza kuota tena. Hussein ameliona jambo hili kikamilifu. Mwishoni Kitaru anataka mchezo urudiwe, Juma anakataa, na urafiki wao hauwezi tena kuwa ule wa zamani. Hatujui tamthilia nyingine ya Kiswahili iliyoonyesha kwa uaminifu zaidi jinsi wanafunzi wawili wanavyoweza kupendana pasipo kujuana.

Lakini hata hapa, walimu wenzetu, tuseme kweli. Uanachuo wa Juma na Kitaru umo zaidi katika uhodari wa maneno yao kuliko katika lolote wanalolisoma. Kinachoujenga mgogoro ni historia ya familia zao. Masomo yao hayaujengi wala hayaubomoi. Mwandishi amewatoa chuoni akawaleta mbuyuni, na kwa mahitaji ya tamthilia yake alifanya vyema. Ila darasa limebaki nyuma yao, mlango umefungwa.

Kurudi

Kichwamaji kwa sehemu kubwa inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi kwao. Mapema tu tunamwona akingojeshwa ofisini na Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ni mtu wa madaraka. Baadaye tunafahamu kwamba Manase huyo alimpa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, akamwacha. Rukia anakufa. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, lakini kisasi kinageuka kuwa ndoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kisichoweza kubebwa na mwili wake, na anakufa. Mwishowe Kazimoto anajiua.

Imekuwa desturi ya wahakiki kumweleza Kazimoto kwa falsafa ya Wazungu. Husemwa kwamba amebeba udhanaishi wa wanafalsafa wa Ufaransa, kwamba ni mmea wa kigeni uliopandwa Ukerewe, na mjadala hufungwa hapo, kana kwamba kuijua asili ya mbegu ni kuujua mti. Sisi tunaona kwamba maelezo haya, ingawa yana kweli ndani yake, yanatupotosha tunapowafundisha vijana. Yanawafanya wadhani kwamba ugonjwa wa Kazimoto ni wa watu waliosoma vitabu fulani, na kwa kuwa wao hawajavisoma, basi wako salama.

Tukimsoma Kazimoto kama mwanafunzi kwanza na mwanafalsafa baadaye, tunaliona jambo lililo karibu zaidi nasi. Huyu ni mtu ambaye kila anapoketi na wazee wa kijijini hulazimika kuchagua mambo mawili: ama aseme wanayotaka kuyasikia, na hapo atakuwa mnafiki, ama aseme anayoyafikiri, na hapo atakuwa mwenda wazimu. Hana njia ya tatu. Fikira zake alizipata mahali pengine, kwa lugha nyingine, na hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuzivusha ziwa. Ndiyo maana mazungumzo yake na watu wa kwao hugeuka ama mzaha ama ugomvi. Upweke wake ni wa mtu ambaye amejazwa na hana pa kumimina.

Kwa mtazamo huu hata yule mtoto mwenye kichwa kikubwa, ambaye wengi wamemwona kama alama ya elimu isiyo na mwili wa kuibeba, anapata maana nyingine kidogo. Watu hutazama ukubwa wa kichwa. Sisi tunatazama pia kwamba mtoto huyu anakufa kabla ya kusema neno.

Ni jambo la kukumbukwa kwamba riwaya hii ilitoka mwaka uleule ambao chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma. Azimio hilo, la mwezi wa Novemba 1974, lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili wasitengwe na wananchi. Baadaye sharti hilo lililegezwa. Tunapoziweka pamoja sera ile na riwaya hii tunaona kwamba zote mbili zinaulalamikia utengano uleule, lakini hazikubaliani juu ya dawa. Sera ilidhani kwamba utengano ni wa mahali: mwondoe kijana kilimani, mweke kazini, naye atapona. Riwaya inatuonyesha kijana aliyewekwa nyumbani kwa mama yake mwenyewe, katika kijiji alichozaliwa, na bado hajapona. Kwa kauli hiyo Kezilahabi aliona mbali kuliko wapanga mipango. Alijua kwamba ufa umo katika kichwa, wala haumo katika ramani.

Kusoma

Sasa tufike kwenye sehemu ya pili, ile isiyo na mwandishi. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma hutumia siku zake nyingi katika shughuli moja, ambayo ni kujifunza, na shughuli hiyo ina mchezo wake wa kuigiza ambao hauhitaji mbuyu wala bunduki. Kuna siku ya kwanza ambapo kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake anaketi katika ukumbi wa mamia na kugundua kwamba hakuna anayemjua. Kuna mhadhiri anayesema kwa saa nzima bila kuinua macho. Kuna kitabu kimoja cha maktaba kinachotakiwa na darasa zima. Kuna furaha, nayo ni furaha ya kweli, ya usiku ule ambapo jambo lililokuwa giza kwa majuma matatu linafunguka ghafla, na mtu anatamani kumwamsha mwenziwe amweleze. Kuna ubao wa matangazo siku ya matokeo, na mtu anayeutazama kwa mbali kwanza kabla ya kuthubutu kuusogelea.

Kwa nini mambo haya hayakupata riwaya yake katika Kiswahili cha miaka ile? Jibu moja ni rahisi: fasihi si ripoti, na mwandishi halazimiki kutuonyesha kila chumba. Tunalikubali. Lakini jibu hilo halitoshi, kwani waandishi hawahawa walituonyesha vyumba vingine vingi: ofisi, vilabu vya pombe, vitanda vya wagonjwa, makaburi. Darasa la chuo kikuu limerukwa kwa namna ambayo si ya bahati tu.

Sisi tunaona kwamba sababu ni lugha. Mihadhara ilitolewa kwa Kiingereza, na hata leo, isipokuwa katika masomo ya Kiswahili, hutolewa kwa Kiingereza. Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa mwaka 1970 ikafundisha kwa lugha yenyewe, ilikuwa kama taa moja katika jengo kubwa. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari na hatimaye kifike chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Basi mwandishi wa Kiswahili aliyetaka kuiandika saa moja ya mhadhara alikabiliwa na kazi ngumu kupita ile ya kubuni: ilimbidi atafsiri. Mazungumzo ya kilabuni aliyasikia kwa Kiswahili akayaandika kwa Kiswahili. Ya darasani aliyasikia kwa Kiingereza. Mkono ukasita, ukageukia mahali ambapo maneno yalikuwa tayari.

Ushahidi wetu mkubwa unatoka hapa kwetu Uganda. Austin Bukenya ni Mganda aliyesoma Dar es Salaam miaka ya sitini, na kwa muda mrefu amekuwa mmoja wa watetezi na walimu mashuhuri wa Kiswahili katika kanda hii. Mwaka 1972 alichapisha riwaya inayoyacheka maisha ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Afrika ya Mashariki katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Tungetazamia kwamba mtu huyu, kuliko wote, angetupa riwaya ya chuoni katika Kiswahili. Lakini kitabu chake kinaitwa The People's Bachelor, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Hatumlaumu hata kidogo. Chuo kilichokuwa kinachekwa kilisema Kiingereza, na mzaha ulipaswa kuvaa nguo za anayechekwa.

Tunaweza kuongeza ushahidi wa pili. Katika utenzi wa Okot p'Bitek, ambao Waswahili wanaujua kwa jina la Wimbo wa Lawino, mke anavilaumu vitabu vya mumewe msomi, akiviona kama msitu wa giza. Lawino yuko nje ya msitu, na sisi wasomaji tunasimama naye hapo nje. Anayeujua msitu kwa ndani ni Ocol, naye hatuelezi kilichomo. Fasihi yetu imewasikiliza wengi waliosimama nje ya elimu ya juu na wengi waliotoka humo wakiwa wagonjwa. Imewasikiliza wachache mno waliokuwa bado wamo ndani.

Misamiati miwili

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakina maneno ya chuo. Kinayo, tena kinayo mara mbili. Kuna msamiati rasmi uliosanifiwa na wataalamu: mhadhara, mhadhiri, kitivo, shahada, stashahada, tasnifu. Ni maneno mazuri, yanasomeka kwenye vyeti na juu ya milango. Na kuna msamiati mwingine ambao wanafunzi wa Tanzania wamejitungia wenyewe bila kamati yoyote. Huko fedha ya kujikimu huitwa bumu. Mtihani wa kurudia huitwa sapu. Kuondolewa chuoni kwa kushindwa ni kudisko. Karatasi za masomo zinazopitishwa kutoka mkono hadi mkono ni madesa, na anayezitegemea anadesa. Wanaolala wawili katika kitanda cha mmoja, kwa sababu vyumba havitoshi, wanabebana. Na zile meza na viti vya saruji vilivyojengwa chini ya miti, ambapo watu hujadiliana hadi mbu wawafukuze, ndivyo vimbweta.

Mwalimu mwenye haraka atayakataa maneno haya kwa kuwa si sanifu. Tunamsihi asubiri. Ayatazame vizuri, ataona kwamba msamiati huu ni historia fupi ya chuo cha umma. Neno bumu lina maana kwa mtu ambaye mlo wake unategemea fedha inayotoka kwa serikali, nayo huenda ikachelewa; na tangu Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005 limekuwa pia neno la deni. Neno desa halikuhitajika palipokuwa na vitabu vya kutosha. Neno kubebana halikuhitajika wakati wanafunzi walipokuwa wachache na serikali ikiwafulia mashuka. Yaani kile ambacho riwaya haikukisema, wanafunzi wamekisema neno mojamoja.

Baina ya misamiati hii miwili pana nafasi tupu. Mmoja unajua vyeo, mwingine unajua shida. Hakuna unaojua fikira zenyewe: jinsi mtu anavyolielewa jambo, anavyolipinga, anavyobadilika kwa ajili yake. Hapo ndipo fasihi ilipopaswa kusimama, na hapo ndipo kaka wa yule kijana alipokwama mbele ya baba yake.

Msichana yuko wapi?

Pana pengo jingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Wanachuo tuliowazungumza wote ni wanaume. Wanawake wa Kichwamaji huyapata madhara ya wasomi, lakini mwanachuo mkuu wa kitabu si mmoja wao. Kezilahabi alikuwa amemwandika msichana msomi katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, riwaya ambayo kwa muda ilizuiwa shuleni. Lakini Rosa anafika chuo cha ualimu, na huko wenye madaraka juu yake wanamtumia badala ya kumlea. Mwisho wake pia ni kujiua. Tunamshukuru mwandishi kwa kuliona hilo mapema. Hata hivyo katika kitabu kile elimu ni njia ambayo msichana anaangukia. Hatumwoni akiwa na kalamu mkononi, akifurahia anachokijua.

Nje ya vitabu mambo yalikuwa mazito vilevile. Mlimani kulikuwa na fasihi isiyo na jina la mtunzi, matangazo na michoro ya kejeli iliyobandikwa ukutani kwa jina la Mzee Punch. Wengine waliitetea kama sauti huru ya wanafunzi dhidi ya wakubwa. Lakini kejeli hiyo iliwaelemea zaidi wanafunzi wa kike. Mapema mwaka 1990 msichana mmoja wa chuo hicho alijiua baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenziwe, na jina la Mzee Punch likahusishwa na msiba ule. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ni somo la uhakiki pia. Mahali ambapo fasihi inayotia sahihi haisemi juu ya maisha ya chuo, ukuta utasema, na ukuta haujui haya. Hatudai kwamba riwaya ingemwokoa mtu. Tunasema tu kwamba msichana aliyetafuta kitabu cha Kiswahili chenye mwanachuo wa kike anayesoma, anayejibu, anayeshinda au kushindwa kwa heshima, angetafuta sana.

Hitimisho

Hukumu yetu basi ni hii. Mashetani na Kichwamaji ni kazi kubwa, na kila moja imeifanya kikamilifu sehemu iliyojichagulia. Wanaozifundisha wasiache kuzifundisha. Lakini wasizifundishe kama kwamba ndizo picha nzima ya maisha ya chuo kikuu, kwa maana vijana wetu watajifunza humo kwamba elimu ya juu ni ugonjwa unaompata mtu mahali pasipoonekana, halafu anauleta nyumbani. Baba wa yule kijana tayari anaogopa hivyo. Si vyema sisi tumthibitishie.

Hapa Uganda Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Tangu hapo tumekuwa hodari wa kudai nafasi ya lugha hii sokoni, jeshini na bungeni. Tukumbuke pia kwamba kazi moja ya lugha ni kumwezesha mtoto aliyesoma kumweleza mzazi wake alichokisoma. Kwa wengi wetu Kiswahili si lugha ya mama. Kwa sababu hiyohiyo kinaweza kuwa daraja: hakijafungwa na aibu za nyumbani wala kiburi cha darasani.

Tulirudi kwa darasa lile tukiwa na zoezi badala ya jibu. Tuliwataka wanafunzi wenye ndugu waliofika vyuoni wawaombe wawaeleze, kwa Kiswahili, mhadhara mmoja tu, nao waje wauandike kwa ukurasa mmoja, wakieleza pia mahali ambapo msemaji alikwama. Waliandika vibaya na vizuri, kama ilivyo kawaida. Yule kijana wa nyuma aliandika juu ya udongo. Kaka yake husomea kilimo. Alieleza kwa nini shamba lililofyekwa na kuachwa wazi hupoteza rutuba mvua inaponyesha, na jinsi mizizi midogo inavyoushika udongo kama vidole. Pale kaka alipokwama, aliandika, baba ndiye aliyempa neno.

Tunawaomba walimu wenzetu wa vyama vyote vya kanda hii walijaribu zoezi hili, na wayahifadhi maandishi watakayoyapata. Huenda riwaya tunayoilalamikia kwamba haipo inaanzia katika kurasa kama hizo.